Ninayeandika Sisi

Mimi ndiye ninayeandika *sisi*.
Sisi tumetinga nusu fainali.
Sisi hatulali, sisi ni moto wa Unyamwezi.
Moto huo niliuwasha nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
goti limefungwa bandeji, simu ina ufa
kama njia ya sisimizi, kona hadi kona.

Mwaka juzi nilikuwa mlinzi wa goli.
Goti lilipolia *ka!* kwenye uwanja wa Ipuli
mwalimu Kapaya alinipa nywila badala ya pole:
"Shika hii, Nyamizi. Ukurasa usilale."
Ulikuwa na wafuasi mia mbili na kumi,
nusu yao binamu zake.

Nikaanza kama wanavyoanza wote:
picha ya kikombe,
picha ya kikombe na mkuu wa chuo,
picha ya mkuu wa chuo bila kikombe.
Watu kumi na tisa wakapenda.

Kisha maji yakakatika bwenini.
Nyanzala, mfungaji wetu, yule anayeinamia milango yote,
alikuwa anatoka kisimani, ndoo kichwani,
mtu akamrushia mpira kwa utani.
Akaudaka kwa mkono mmoja.
Akautupa palepale, ukaipata ringi katikati,
na kichwani halikumwagika tone.
Sekunde kumi na moja.
Niliirusha bila neno, bando likaishia hapo, nikalala.
Asubuhi simu inarukaruka mezani kama kuku aliyechinjwa:
elfu sitini wameona,
na mmoja kutoka Tunduma anabisha,
hiyo ndoo ina maji kweli?

Ndipo nilipojua watu hawaji kwa kikombe.
Wanakuja kwa ndoo.

Basi nikawapa ndoo.
Nikawapa Kapaya akishona neti ya ringi
kwa kamba za kufungia tumbaku.
Nikawapa Kabula akikariri saikolojia ya mtoto,
miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.
Nikawapa viatu, jozi tisa kwa wachezaji kumi na wawili,
anayetoka anamvulia anayeingia,
na refa anasubiri kamba zifungwe.
Mrina asali wa Sikonge akaona, akaleta jezi,
nyuki mkubwa mgongoni.
Tukawa elfu kumi na nne.
Sasa mkuu wa chuo hatuulizi matokeo, anauliza,
"Leo tuna wangapi?"
kama anayehesabu wagonjwa wa Kitete.

Fainali tulicheza nyumbani.
Wasichana wa Kahama walikuja na basi bovu
na mikono mirefu.
Arobaini na moja kwa thelathini na nane.
Mpira wa mwisho wa Nyanzala ulizunguka chuma mara mbili,
ukachungulia ndani, ukaghairi.

Mkuu akaniinamia sikioni, harufu ya karanga:
"Hii usirushe. Rudia ile ya ndoo."
Chaji asilimia nane.
Nyanzala ameketi kwenye vumbi, jezi kafunika uso,
nyuki yuko juu ya paji lake.
Akasema bila kuifunua:
"Andika, Nyamizi. Waliiona isiyomwagika.
Waione na hii."

Nikaandika: *Tu*
Kidole kikasimama.
Herufi mbili nilizoandika mara mia tatu,
tumeshinda, tumefuzu, tunakuja,
kwa dole gumba ambalo halijagusa mpira tangu mwaka juzi,
na hakuna siku ziliniuma.
Goti likaniuma. Nikamalizia:
*mefungwa. 41–38. Kahama walikuwa bora.*
Chini yake picha ya viatu, jozi tisa, vumbi tupu.

Simu ikazimika.
Niliporudi kwenye umeme, usiku,
wapo waliocheka, wapo waliohama.
Na ujumbe mmoja, msichana wa Urambo, hana picha:
*dada mimi mfupi lakini naruka.
fomu za chuo mnatoa lini?*

Nikamjibu: mwezi wa tano.
Nikaongeza:
viatu, njoo navyo.